UZI: Megawati za kutosha na masafa tulivu ni mambo mawili tofauti

Mleta uzi (Tanga)

Habari zenu wanajukwaa.

Tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuingiza umeme katika Gridi ya Taifa mwaka 2024, swali moja nalisikia barazani Ngamiani, nalisikia karakana, nalisikia hata kwa vijana ninaowafundisha: ikiwa sasa tuna uwezo wa kuzalisha umeme mwingi kuliko tunaoutumia, inakuwaje hitilafu moja mahali fulani iweze kuzima taa mikoa mingi kwa mara moja? Swali hilo ni la haki, na wengi hulijibu kwa hasira au kwa siasa. Mimi nimefanya kazi ya umeme wa viwandani hapa Tanga kwa miaka mingi, na ningependa tulijadili kwa upande wake wa kiufundi, kwa sababu jibu lake liko kwenye jambo ambalo mtumiaji wa kawaida halioni kwenye mita yake wala kwenye bili yake, nalo ni masafa.

Umeme unaotufikia majumbani hubadili mwelekeo wake mara kwa mara, na hapa kwetu unatakiwa kukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde, yaani 50 Hz. Idadi hiyo, ambayo ndiyo masafa, haitokani na waya wala transfoma, bali na mwendo wa mitambo inayozalisha. Jenereta yenye jozi moja ya ncha za sumaku hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe 50 Hz, na zile za maji, ambazo zina jozi nyingi, huzunguka polepole zaidi lakini hutoa masafa yale yale. Mitambo yote iliyoungwa kwenye gridi moja huenda kwa hatua moja. Rota, yaani sehemu ya jenereta inayozunguka, iliyoko Rufiji kwenye Bwawa la Nyerere, iliyoko Kidatu, iliyoko Kihansi na iliyoko hapa jirani kwenye mto Pangani zimefungamana kwa nguvu ya sumaku kupitia nyaya, kiasi kwamba hakuna hata moja inayoweza kwenda kwa mwendo wake yenyewe kwa muda mrefu bila kuleta balaa.

Sasa, waya hauhifadhi umeme. Kila wati inayotumika Makorora sekunde hii inazalishwa sekunde hii hii mahali fulani. Watumiaji wakiwasha vifaa kuliko nguvu inayosukuma turbini, tofauti hiyo huchotwa kwenye mwendo wa rota zenyewe, nazo hupungua kasi, na masafa hushuka. Wakizima vifaa, rota huongeza kasi na masafa hupanda. Masafa basi ndiyo kipimo cha usawa kati ya kinachozalishwa na kinachotumika nchi nzima kwa wakati huo huo, na kuyaweka karibu na 50 Hz ni kazi isiyokoma usiku na mchana.

Hoja yangu, ambayo niko tayari kuitetea hapa, ni kwamba utulivu wa gridi hauamuliwi na jumla ya megawati tulizojenga. Unaamuliwa na kiasi gani cha megawati hizo kimeachwa wazi kwa makusudi, kwenye mitambo ambayo tayari inazunguka, ili kiingie ndani ya sekunde chache mtambo mwingine unapoanguka.

---

Mwenye mashine ya kusaga (Ngamiani)

Mwalimu, nakushukuru kwa mada. Mimi nina mashine ya kusaga nafaka, na kila jioni mota yangu hupata moto na sauti yake hubadilika, na taa za dukani hufifia. Je, hayo ndiyo masafa kushuka? Na je, stabilaiza niliyoshauriwa kununua itanisaidia?

---

Mleta uzi (Tanga)

Ndugu yangu, unayoyaeleza kwa kila dalili ni volteji kushuka, na ni vizuri tuyatenganishe mapema kwa sababu watu wengi huyachanganya.

Volteji ni jambo la mahali. Mtaa wako ukiwa mwishoni mwa laini, na transfoma ikiwa imezidiwa na majirani waliowasha pasi, viyoyozi na majiko kwa pamoja, unaweza kupata volti 340 badala ya 400 kwenye njia zako tatu, ilhali Raskazone wana volteji nzuri kabisa. Mota ya kusaga ikipewa volteji ndogo huku mzigo ukibaki ule ule, huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia, na mkondo huo ndio unaoipa moto. Masafa hayana mtaa. Ukipima hapo Ngamiani, na mwenzako akapima Mbeya dakika hiyo hiyo, mtapata namba karibu ile ile, kwa sababu nyote mnatumia mwendo wa rota zile zile. Tena mabadiliko yake ya kila siku ni madogo mno kwa sikio: masafa yakishuka hadi 49.5 Hz, mota yako yenye ncha nne, ambayo mwendo wake wa kisumaku ni mizunguko 1,500 kwa dakika, itashuka hadi 1,485. Unga hautajua tofauti.

Stabilaiza hurekebisha volteji tu na haiwezi kurekebisha masafa hata chembe. Kabla ya kuinunua kwa mota ya ukubwa huo, omba kwanza volteji ipimwe saa za jioni mashine ikiwa kazini, maana mara nyingi tiba iko kwenye transfoma au kwenye unene wa waya unaokufikia.

---

Mchangiaji (Muheza)

Kwa hiyo tunaweza kusema gridi ni kama tangi la maji juu ya mnara, wazalishaji wanajaza, watumiaji wanachota, na masafa ni kina cha maji?

---

Mleta uzi (Tanga)

Mfano wako unafaa kwa mwelekeo wa jambo, lakini una hatari moja ambayo ingefaa tuiseme. Tangi la mnarani hukaa saa nyingi hata pampu ikiharibika. Kwenye gridi, kilichohifadhiwa ni nguvu ya mwendo wa rota peke yake, ile inayotokana na inesha, yaani ukaidi wa vyuma vizito vinavyozunguka kubadili mwendo wake, nayo ni ya sekunde chache.

Tufanye hesabu, kwa maana hapa hesabu inaeleza kuliko maneno. Wahandisi hupima inesha ya mtambo kwa sekunde: mtambo wenye inesha ya sekunde 4 una nguvu ya mwendo inayolingana na kuzalisha kwa uwezo wake wote kwa sekunde 4. Tuchukue gridi ambayo mitambo inayozunguka ina ukubwa wa jumla wa MVA 2,000 (kipimo cha ukubwa wa mitambo, ambacho hapa tukichukulie sawa na megawati), ukubwa usiokuwa mbali sana na mahitaji ya nchi yetu kwa miaka hii, na wastani wa inesha uwe sekunde 4. Mtambo mmoja wa megawati 235 ukichomoka ghafla, kasi ya kushuka kwa masafa hupatikana kwa kuzidisha nguvu iliyopotea kwa 50, kisha kugawanya kwa mara mbili ya inesha iliyozidishwa kwa ukubwa wa gridi. Yaani 235 mara 50, gawanya kwa 16,000. Jibu ni takribani 0.73 Hz kwa kila sekunde.

Maana yake ni kwamba, kama hakuna kitu kingine kinachotokea, sekunde moja baadaye tuko 49.3 Hz, na sekunde ya tatu haijakamilika tayari tuko chini ya 48 Hz. Hakuna mwanadamu katika chumba cha udhibiti anayeweza kuinua simu kwa wakati huo. Kinachookoa gridi katika sekunde hizo lazima kiwe kimepangwa kabla na kifanye kazi chenyewe.

---

Mstaafu wa mitambo ya maji (Korogwe)

Naomba niingie hapa, kwa kuwa nimefanya kazi ya zamu katika kituo cha kuzalisha umeme kwenye mto huu wetu wa Pangani, na vijana wengi wa Tanga hawajui kwamba mto huo una historia ndefu katika umeme wa nchi hii. Hale ina mitambo miwili yenye jumla ya megawati 21 na ilianza mwaka 1964, Nyumba ya Mungu ina megawati 8, na kituo kipya cha Maporomoko ya Pangani, chenye mitambo miwili ya megawati 34 kila mmoja, kilianza kuzalisha katikati ya miaka ya 1990.

Kinachofanya kazi katika sekunde anazozisema Mwalimu ni gavana, yaani kidhibiti mwendo cha turbini. Kila mtambo una gavana yake. Inapohisi kwamba rota imepungua mwendo, hufungua milango ya maji kidogo zaidi, na mwendo ukizidi huifunga. Watu hudhani gavana hurudisha mwendo pale pale ulipokuwa, lakini haikupangwa hivyo, na kuna sababu. Gavana mbili zikilazimishwa kila moja kushikilia 50 kamili bila kuachia hata kidogo, kosa dogo la kipimo kati yao litaifanya moja ifungue huku nyingine inafunga, nazo zitavutana bila kutulia. Ndiyo maana kila gavana huwekewa mteremko, mara nyingi asilimia 4 au 5. Kwa mteremko wa asilimia 5, masafa yakishuka kwa 2.5 Hz gavana huagiza nyongeza inayolingana na uwezo wote wa mtambo, ikiwa nafasi ipo, na yakishuka kidogo hutoa kidogo kwa uwiano huo. Mtambo wa megawati 10.5 utaongeza megawati 4.2 kwa kila Hz moja, na ule wa megawati 235 utaongeza 94. Kila mmoja hubeba mzigo kulingana na umbo lake, bila kupigiana simu.

Lakini maji yana tabia yake ambayo haisomwi vitabuni mpaka uione kwenye geji. Ukifungua milango ya turbini ghafla, kwa sekunde ya kwanza nguvu hushuka badala ya kupanda. Safu ya maji iliyomo ndani ya bomba kuu la kushushia ni nzito, haiwezi kuongeza kasi mara moja, na kwa muda huo mfupi njia imepanuka lakini maji yale yale ndiyo yanayopita, hivyo shinikizo kwenye turbini hupungua. Mtambo unaombwa msaada, na kwa kufumba na kufumbua unaongeza tatizo, kisha ndipo unapoinuka. Ukifunga kwa haraka kupita kiasi, maji hugonga na shinikizo la bomba hupanda kwa hatari. Kwa hiyo gavana za maji hupangwa ziwe na subira katika sekunde za mwanzo, nasi tuliokuwa zamu tulijifunza kuiheshimu subira hiyo.

---

Mleta uzi (Tanga)

Mzee wetu, ahsante sana. Jambo hilo la nguvu kushuka kwanza ndilo ningependa kila anayesema "tuna maji mengi" alisome mara mbili, kwa sababu gridi inayotegemea maji kwa sehemu kubwa huhitaji inesha ya kuivusha sekunde hizo za mwanzo, pamoja na mitambo ya gesi inayoweza kuitikia kwa namna tofauti.

---

Mchangiaji (Bagamoyo)

Wakuu, mimi niko Bagamoyo, na umeme wote wa Rufiji unapita kwetu Pwani, kwenye kituo cha kupoza umeme cha Chalinze, kwa njia ya msongo wa kilovoti 400. Bwawa lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo mmoja ukizima, si minane iliyobaki iongeze tu? Kwa nini hesabu yenu inaogopesha kiasi hicho?

---

Mleta uzi (Tanga)

Mkuu, swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mitambo iliyobaki inaweza kuongeza kwa sharti kwamba inazunguka tayari na haijafika ukomo wake. Mtambo uliosimama, hata uwe mpya na bwawa lake limejaa hadi ukingoni, hauna msaada wowote katika sekunde kumi za kwanza, kwani unahitaji dakika kadhaa kuanza, kufikia mwendo na kuunganishwa na gridi kwa hatua sawa. Na mtambo unaozunguka huku milango yake imefunguliwa yote umeshatoa kila ulicho nacho: gavana yake itahisi masafa yanashuka, itataka kufungua zaidi, na haitapata pa kufungua.

Turudi kwenye gridi yetu ya mfano. Kama mitambo yote ya megawati 2,000 ingekuwa chini ya gavana zenye mteremko wa asilimia 5, na kila mmoja una nafasi, basi gridi nzima ingeongeza megawati 800 kwa kila Hz moja. Kupotea kwa megawati 235 kungetulia kwenye upungufu wa takribani 0.3 Hz, yaani 49.7, na nyumbani usingejua kilichotokea. Sasa tuseme, kwa sababu za gharama au mazoea, robo tu ya mitambo hiyo ndiyo yenye nafasi na gavana zinazoitikia, na mingine inaendeshwa kwa ukomo wake au imefungiwa kwenye kiwango kimoja. Itikio litakuwa megawati 200 kwa kila Hz, na hitilafu ile ile itatupeleka karibu 48.8 Hz hata kabla ya kuhesabu mshuko wa ziada wa masafa katika sekunde za mwanzo. Mitambo ni ile ile na megawati zilizosajiliwa ni zile zile, lakini katika hali ya kwanza mtu anaendelea kuangalia mpira na katika ya pili mikoa inaingia gizani.

Jambo la pili ni ukubwa wa mtambo mmoja ukilinganishwa na gridi. Gridi ya bara la Ulaya hupangwa kuhimili kupotea kwa megawati 3,000 kwa mara moja, lakini gridi hiyo ina mzigo wa mamia ya maelfu ya megawati, kwa hiyo pigo hilo ni kama asilimia moja. Kwetu sisi mtambo mmoja wa Rufiji ukiwa umebeba mzigo kamili ni zaidi ya asilimia 11 ya gridi ya mfano niliyoitumia. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Watu huogopa saa za jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, mahitaji yanapokuwa kileleni. Mimi huogopa zaidi saa za alfajiri. Mahitaji yakishuka, mitambo mingi huzimwa na inesha hupungua. Ikiwa mzigo wa nchi umefika megawati 1,000 na mtambo mmoja unabeba 235, karibu robo ya nchi inaning'inia kwenye shafti moja. Busara ya uendeshaji kwa saa kama hizo ni kugawa mzigo huo kwa mitambo miwili yenye kubeba megawati 110 au 120 kila mmoja, kwa sababu ukipotea mmoja hasara ni nusu, inesha iliyobaki ni kubwa zaidi, na mwenzake ana nafasi ya kuinuka.

Kuhusu Chalinze uliyoitaja, umegusa penyewe. Njia inayobeba mitambo mingi kwa pamoja inapokatika, kinachopotea ni kikubwa kuliko mtambo mmoja, na hakuna gavana zinazoweza kufidia nusu ya gridi. Kwa hiyo ni muhimu umeme wa Rufiji uwe na njia zaidi ya moja ya kutokea, na vivyo hivyo kuungana na majirani. Njia ya kilovoti 400 inayotuunganisha na Kenya kupitia Singida na Arusha hadi Isinya ina faida ambayo haisemwi vya kutosha: gridi mbili zikienda hatua moja, inesha zao hujumlishwa na kila upande humsaidia mwenzake katika sekunde za kwanza. Hasara yake ni kwamba hitilafu kubwa ya upande mmoja nayo huvuka mpaka isipodhibitiwa.

---

Muuguzi (Tanga Mjini)

Naomba kuuliza jambo moja. Umeme unapokatika kwa namna hiyo, nani anaamua mtaa upi uzimwe? Mara nyingine upande mmoja wa barabara wana umeme na wa pili hawana, na sisi wa kada ya afya jambo hili linatuumiza roho.

---

Mleta uzi (Tanga)

Dada yangu, katika sekunde zile hakuna mtu anayeamua. Kwenye vituo vya kupoza umeme huwekwa rilei, yaani vifaa vya kinga vinavyokata umeme vyenyewe, zinazopima masafa, na kila rilei hupangiwa kiwango chake na kundi lake la laini. Masafa yakigusa kiwango cha kwanza, kundi la kwanza hukatwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde; yakiendelea kushuka, kundi la pili hufuata, na kuendelea hivyo mpaka mzigo ulingane na uzalishaji uliobaki. Ndiyo maana ng'ambo ya barabara, wanaolishwa na laini tofauti, hubaki na taa. Uamuzi wa kibinadamu hufanyika miezi au miaka kabla, pale orodha ya laini inapoandikwa, na hapo ndipo wananchi na hospitali wana haki ya kuuliza: laini inayolisha hospitali kama Bombo, au pampu za maji za mji, iko kwenye kundi la ngapi? Kwa maoni yangu haifai kuwemo kwenye makundi ya mwanzo kabisa, na orodha hiyo inapaswa kupitiwa upya kila mji unapokua, kwa kuwa laini iliyokuwa ya makazi matupu miaka kumi iliyopita leo inaweza kuwa na zahanati tatu.

Uingereza walipata funzo hili tarehe 9 Agosti 2019. Radi ilipiga njia ya umeme, na muda mfupi baadaye shamba la upepo la Hornsea na kituo cha gesi cha Little Barford vilipunguza au kuacha kuzalisha karibu kwa wakati mmoja. Masafa yalishuka hadi 48.8 Hz, rilei zikakata wateja wapatao milioni moja, na gridi iliyobaki ikasimama. Ndani ya takribani dakika tano masafa yalikuwa yamerudi mahali pake. Walioathirika walikasirika kwa haki, hasa wasafiri wa treni waliokwama kwa saa nyingi, lakini kitaalamu ukataji ule uliokoa nchi nzima isizime.

Kwa nini tusiache tu masafa yashuke tukaendelea? Kwa sababu mitambo yenyewe haivumilii. Panga ndefu za turbini za mvuke huanza kutetemeka kwa mwendo usio wake na zinaweza kupasuka, na transfoma zinazopewa volteji ile ile kwa masafa madogo hujaa sumaku kupita kiasi na kupata joto. Karibu na 47.5 Hz mitambo mingi duniani hupangwa kujitoa yenyewe ili isiharibike, na kila mmoja unaojitoa huwaongezea mzigo waliobaki. Italia iliingia gizani kwa njia hiyo tarehe 28 Septemba 2003, baada ya kukatika kwa njia zilizokuwa zinaiunganisha na majirani zake.

---

Mwanafunzi wa uhandisi (asili ya Pangani)

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee wa Korogwe. Tunaelezwa kwamba umeme wa jua hauna inesha. Serikali inajenga kituo cha jua Kishapu, Shinyanga, cha megawati 150. Je, tutakuwa tunaidhoofisha gridi?

---

Mleta uzi (Tanga)

Marahaba kijana wangu. Paneli haina kitu kinachozunguka, na inveta za kawaida, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uwe wa gridi, hufuata masafa zinayoyakuta bila kuyashikilia. Megawati 150 peke yake katika gridi yenye maji mengi hazina sababu ya kututisha. Shida huja pale jua na upepo vinapochukua nafasi ya mitambo mingi inayozunguka kwa wakati mmoja. Tarehe 28 Septemba 2016, dhoruba iliangusha nguzo za njia kuu Australia Kusini, jimbo likatengwa na gridi ya nchi, na masafa yakaporomoka kwa kasi ya takribani 6 Hz kwa sekunde. Rilei hazikuwahi kukata mzigo wa kutosha, na jimbo lote likazima. Mwaka uliofuata walijenga Hornsdale betri ya megawati 100, ambayo inaitikia mabadiliko ya masafa kwa sehemu ya sekunde, upesi kuliko gavana yoyote, na haina ule mshuko wa kwanza alioueleza mzee wetu. Kwa hiyo usichukie jua. Dai kwamba mikataba ya vituo hivyo iandike wajibu wa kuitikia masafa, na kwamba betri zihesabiwe tangu mwanzo. Ukitafuta eneo la kufanyia utafiti, hili ni eneo zuri: betri ndogo pamoja na gavana za maji katika gridi ya ukubwa wa kwetu.

---

Mchangiaji (Bagamoyo)

Mkuu, nimekuelewa, lakini mhasibu atauliza: mtambo uliojengwa kwa fedha za umma uendeshwe nusu tu kwa makusudi, hiyo si hasara?

---

Mleta uzi (Tanga)

Kwa mtambo wa gesi au mafuta hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mtambo ukiendeshwa nusu hula mafuta mengi zaidi kwa kila uniti. Kwa maji hali ni nyepesi zaidi: maji ambayo hayakupita kwenye turbini leo yamebaki nyuma ya ukuta na yatazalisha kesho, isipokuwa katika miezi ambayo bwawa limejaa na maji yanamwagwa. Turbini ikiendeshwa chini ya ukomo hupoteza ufanisi kidogo, na hilo nalikubali. Upande wa pili wa daftari uwekwe kiwanda cha saruji kinachosimama ghafla tanuri likiwa na moto, samaki wa wavuvi wanaooza kwenye mabarafu, na chanjo kwenye friji za zahanati. Akiba inayozunguka, yaani nafasi hiyo iliyoachwa wazi kwenye mitambo inayozunguka, ni huduma, nayo inastahili kuwa na bei yake katika bajeti na katika mikataba ya kununua umeme, ili anayeitoa alipwe kwa kuitoa. Nchi ambazo zimeiacha bila bei zimekuta kila mzalishaji anakimbilia kuuza megawati yake ya mwisho, na hakuna aliyebaki na nafasi.

Niongeze kwamba gavana huzuia mporomoko tu, na hutuacha tukiwa chini kidogo ya 50. Kurudisha masafa mahali pake ni kazi ya hatua ya pili, inayochukua dakika kadhaa, ambapo kituo cha kudhibiti gridi huagiza baadhi ya mitambo ipandishe kiwango. Hatua hiyo ikipuuzwa madhara hujikusanya: mwanzoni mwa 2018, kwa sababu ya mvutano kati ya Kosovo na Serbia kuhusu nani afidie upungufu, wastani wa masafa Ulaya ulikaa 49.996 Hz kwa wiki kadhaa, na saa zinazohesabu muda kwa mizunguko ya umeme zikachelewa karibu dakika sita katika nchi nyingi.

---

Mwenye mashine ya kusaga (Ngamiani)

Nimesoma yote, na nimeomba wapime volteji kama ulivyonishauri. Swali langu la mwisho: umeme ukirudi baada ya kukatika kwa muda mrefu, mara nyingi hukatika tena baada ya dakika chache. Kuna tunachoweza kufanya sisi wa mtaani?

---

Mstaafu wa mitambo ya maji (Korogwe)

Kipo, na nilikuwa natamani mtu aulize. Katika hali ya kawaida friji za mtaa mmoja hazifanyi kazi zote kwa pamoja. Hii imepumzika, ile inapoza. Baada ya saa kadhaa za giza zote zimepata joto, matangi ya maji yako tupu, viyoyozi vyote vinataka kuanza, na kila mota inapoanza huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Laini iliyokuwa na megawati 5 kabla ya kukatika inaweza kudai zaidi ya hapo inaporudishwa, na kama gridi yenyewe ndiyo kwanza inainuka, ikiwa na mitambo michache, masafa huyumba na rilei hukata tena. Kwa sababu hiyo waliopo zamu hurudisha umeme eneo moja baada ya jingine, wakisubiri masafa yatulie kati ya hatua na hatua.

Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi ya mashine ya kusaga, friji, kiyoyozi na pampu, uache taa moja ikupe habari. Taa ikiwaka, subiri robo saa hivi, kisha anza na friji, halafu pampu, na mota ya kusaga iwe ya mwisho. Waambie na jirani zako mnaolishwa na transfoma moja wafanye hivyo.